Kwa nini magari yanayojiendesha bado hayajaenea

Gari linalojiendesha ni lile ambalo kompyuta ndiyo inayoshika usukani, breki na mafuta, ikitegemea kamera, rada na mara nyingi vipimio vya leza. Wahandisi huyapanga kwa ngazi, 0 hadi 5. Mengi yanayosifiwa kwa jina hilo yako ngazi ya 2: yanasaidia tu, dereva lazima awe macho muda wote. Ngazi ya 4 haihitaji dereva, ila ndani ya eneo maalumu, kama teksi za kampuni ya Waymo zilizofunguliwa kwa umma Phoenix, Marekani, mwaka 2020. Ngazi ya 5, gari la kwenda popote, hakuna aliyeifikia.

Kufuata mstari na kusimama kwenye taa nyekundu, mashine inaweza kuliko wengi wetu. Kinachoishinda ni yale yanayotokea kwa nadra. Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku anakokota baiskeli. Vifaa vilimwona zaidi ya sekunde 5 kabla. Lakini programu ikawa haijaamua: mara ni gari, mara kitu kingine, mara baiskeli, na kila ilipobadili, ilianza upya kukisia anaelekea wapi. Haikuwa imetayarishwa kumtarajia mtu anayevuka pasipo na kivuko. Msimamizi aliyekaa kwenye usukani kwa ajili ya dharura kama hiyo alikuwa anatazama simu.

Basi nani alaumiwe? Kampuni haikushtakiwa kwa jinai. Aliyepandishwa kizimbani ni msimamizi, ambaye mwaka 2023 alikiri kosa na kuwekwa chini ya uangalizi kwa miaka 3. Sheria za barabarani ziliandikwa zikimfikiria mtu mwenye leseni, na hicho, kwa maoni yangu, ni kikwazo kigumu kuliko programu yenyewe. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2024, imeamua gari likijiendesha, lawama za uendeshaji zisimwangukie aliyekaa ndani bali kampuni.

Kuna pia theluji na mvua kubwa, zinazofifisha macho ya vifaa. Na kuna fedha. Oktoba 2023, teksi inayojiendesha ya kampuni ya Cruise huko San Francisco ilimburuta mtembea kwa miguu aliyekuwa ameshagongwa na gari jingine. Jimbo la California likasimamisha kibali cha Cruise cha kuendesha magari bila dereva. Desemba 2024 kampuni ya magari ya General Motors, mmiliki wa Cruise, ikaacha kugharamia teksi hizo, baada ya kumwaga humo mabilioni ya dola.