Kioo hakikatwi, hupasuliwa

"Kikata kioo hukata." La. Mtazame kwa karibu fundi wa vioo mjini Nakuru akiwa na kioo cha milimita 4: kigurudumu chake huacha mkwaruzo tu, na chini yake ufa mfupi mno. Akikikunja kioo, nguvu hukusanyika kwenye ncha ya ufa huo, nao hukimbia wenyewe hadi upande wa pili. Ndiyo maana hupitisha mara moja, kisha hupasua papo hapo. Akirudia mstari uleule huzaa nyufa za pembeni, na kipande huharibika. Wanaolowesha mstari hawafanyi ushirikina: maji hulegeza viungo vya silikoni na oksijeni pale nchani.

"Kimevunjika kwa sababu kilipigwa sana." Mara nyingi mwenye kosa ni mkwaruzo wa zamani. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwamba ufa hukimbia pale nishati iliyobanwa ndani ya kioo inapotosha kuunda nyuso mbili mpya. Ufa ukirefuka mara 4, mkazo (nguvu kwa kila eneo) wa kuuendesha hushuka hadi nusu, kwa hiyo kila hatua huirahisishia inayofuata. Katika kioo cha dirisha kasi hufika kama mita 1,500 kwa sekunde. Hapo hata uongeze nguvu vipi, kasi haipandi tena. Ufa huchipua matawi. (Watu wa kale waliochonga obsidiani, kioo cha asili cha volkano, kule Kariandusi, karibu na Gilgil, waliiongoza fizikia hiyohiyo kwa jiwe la kugongea.)

"Kidonda cha kokoto kwenye kioo cha mbele cha gari hakina neno." Kina. Unyevu huingia na kuurefusha ufa polepole, usiku na mchana. Kisha gari likae juani Kisumu, mtu alimwagie maji baridi: uso hutaka kusinyaa, ndani bado kuna moto. Tofauti ya nyuzi 40 yaweza kuzaa mkazo wa megapaskali (kipimo cha mkazo) 25 hivi, na ufa ukaruka kioo kizima. Bandika selotepu safi siku hiyohiyo kuzuia maji na vumbi, ukatafute fundi wa kujaza resini kidonda kikiwa kikavu.

Kioo cha mlango wa gari usimpelekee fundi huyo. Kimepashwa moto na kupozwa ghafla, uso umebanwa na ndani kumevutwa. Ufa ukifika ndani, chote huwa punje.