Je, wajua neno "blithe" lilianza na huruma?

Ukilikuta neno "blithe" katika shairi la zamani la Kiingereza, ni sifa: anayetajwa ana moyo mkunjufu, hana wasiwasi na lolote. Ukilikuta katika gazeti la leo la London, hasa kwa umbo la "blithely", mara nyingi ni lawama: waziri ameonywa na wataalamu, naye anaendelea na lake kana kwamba hajasikia. Sifa imegeukaje kuwa lawama?

Hutamkwa "blaidh", kwa dh ya dhahabu. Lilikuwamo katika Kiingereza kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, na ndugu zake wangali hai: Mholanzi mwenye furaha ni "blij", na kwa Wadenmaki mtu mpole ni "blid". Lakini ushahidi mzuri kuliko wote umo katika Biblia ya Kigothi, lugha ya kale iliyo ndugu ya Kiingereza, tafsiri ya Askofu Wulfila ya karne ya 4. Kwenye Luka 6:36, "iweni na huruma, kama Baba yenu alivyo na huruma", huruma hiyo ya Baba imeandikwa "bleiths". Kumbe neno hili lilihusu kwanza moyo wa mtu kwa wenzake! Furaha yake mwenyewe ilikuja kutawala baadaye. Hata "bliss", yaani raha isiyo kifani, limetoka humo humo.

Huko Scotland ule ukarimu haukupotea upesi. Mtoto akizaliwa, waliofika kumwona mama walikaribishwa chakula kilichoitwa "blithemeat".

Kiangazi cha 1820, karibu na Livorno, Italia, mshairi Percy Shelley na mkewe Mary walikuwa wakitembea jioni walipomsikia kipozamataza, ndege mdogo anayeimba huku akipaa hadi asionekane tena. Shelley akamwimbia shairi, akamwita "blithe Spirit". Humo anamuuliza furaha hiyo inatoka wapi: ni upendo, au ni kutoyajua maumivu? Kwangu mimi, swali hilo ndilo linalofumbua fumbo zima. Kwa ndege, kutoyajua maumivu ni uzuri. Kwa mtu mzima aliyekwisha kuambiwa kuwa wenzake wanaumia, furaha ileile ni kutojali.

Kwa hiyo ukiandika Kiingereza, mwite mtoto anayecheza mvuani "blithe" bila shaka yoyote. Dereva anayekimbiza basi lililojaa abiria huku akipiga mluzi naye ataitwa hivyo hivyo, ila hapo msomaji atajua unamshutumu.