Mkono wa babu unatetemeka: ni uzee tu?

Babu yangu ana miaka 72 na mkono wake wa kulia unatetemeka. Si uzee huo?

Uzee peke yake hautetemeshi mkono. Mchunguze akiwa amekaa, mkono umetulia juu ya paja. Kwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo, kidole gumba husugua kidole cha shahada kama mtu anayefinyanga tonge dogo la ugali, na akinyoosha mkono kuchukua kitu, mtetemo hupungua. Mkono ukitulia ukiwa pajani lakini ukatetemeka anapopeleka kikombe mdomoni hadi chai ikamwagika, mara nyingi huo ni ugonjwa mwingine, na dawa zake ni nyingine.

Usiishie kwenye mkono. Anahangaika kufunga vifungo vya shati? Akitembea, mkono mmoja haubembei? Mwandiko umekuwa mdogo, sauti imefifia? Wengine hawatetemeki kabisa, wanakakamaa tu na kuwa wazito. Uso nao hukosa mikunjo ya furaha, mzee akaonekana amenuna. Hili linaniuma sana, kwa sababu wajukuu huanza kumkwepa wakidhani ana kinyongo nao.

Kinachoharibika ni nini?

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo nyeusi yenye seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kuanza na kuendesha mjongeo. Seli hizo zinakufa taratibu, na mkono unapoanza kutetemeka nyingi zimeshakwisha. Wagonjwa wengi huanza kuugua baada ya miaka 60. Ugonjwa hauambukizi, wala mtu hakurogwa.

Mbona watu husema ni ugonjwa wa Wazungu?

Jibu tunalo Kilimanjaro. Profesa Richard Walker, daktari wa wazee kutoka kaskazini mwa Uingereza, amefanya utafiti wilayani Hai kwa miaka mingi. Yeye na Dkt. Catherine Dotchin, pamoja na wahudumu wa afya wa huko huko, walipita nyumba kwa nyumba kwenye eneo lenye watu zaidi ya 160,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: walipatikana wagonjwa 33. Ni wachache kuliko Ulaya, na sababu mojawapo ni kwamba wazee wetu wenyewe bado ni wachache. Lakini zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Hilo ndilo lisilonitoka kichwani. Walikuwa nyumbani kwao, wanatetemeka, na dawa ya kuwasaidia ipo duniani tangu miaka ya 1960. Na kadiri watu wetu wanavyoishi miaka mingi zaidi, wagonjwa wataongezeka.

Ni dawa gani hiyo?

Levodopa. Ikifika kwenye ubongo hugeuka kuwa dopamini. Huchanganywa na kabidopa ili isiishie njiani. Haiponyi ugonjwa, ila mtu aliyekuwa anainuliwa kitini anaweza kuinuka mwenyewe. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Miaka ikipita, nguvu yake huweza kuisha kabla ya saa ya kidonge kinachofuata. Mweleze daktari apange upya, na kamwe usimkatishe mzee dawa ghafla. Mazoezi ya kila siku nayo ni sehemu ya tiba.

Nasikia mbegu za upupu zinatibu.

Ni kweli mbegu za upupu, mmea huo huo unaowasha, zina levodopa, na watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa. Ila kiasi hutofautiana mbegu kwa mbegu, na mzee anayemeza vidonge tayari atazidisha dozi. Usimsagie nyumbani.

Nijiandae vipi kumpeleka hospitali?

Mrekodi video kwa simu akitembea na akifunga vifungo. Beba dawa zote anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama haloperidoli, na za kuzuia kutapika, kama metoklopramidi, huleta dalili hizi hizi. Akianzishiwa levodopa, ameze nusu saa kabla ya chakula, hasa siku ya nyama au maharage, kwani protini huizuia kupita. Kidonge kikimtia kichefuchefu, kipande cha muhogo au ndizi kinatosha.