Kwa nini mhudumu wa mezani hupewa bakshishi, na aliyekuokoa barabarani huondoka mikono mitupu?

Mtu anakuletea sahani kutoka jikoni hadi mezani, na ukimaliza kula mkono wako unakwenda mfukoni wenyewe. Mwingine anapiga magoti juu ya lami usiku, mgongo kauelekeza kwenye magari yanayopita kwa kasi, anahangaika na nati zilizoshika kutu hadi anakubadilishia tairi lenye pancha. Huyo unamwambia asante, unawasha gari, unaondoka. Tukizipima kazi hizi mbili kwa jasho au kwa hatari, tumezipanga kinyume. Ni kitu gani basi kinachoamua nani apewe bakshishi na nani asipewe?

Si ugumu wa kazi. Na ingawa wengi wetu tungeapa kwamba tunatoa kwa sababu tumehudumiwa vizuri, ubora wa huduma nao una nguvu ndogo kuliko tunavyodhani. Michael Lynn wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambaye ametafiti bakshishi kwa miongo kadhaa, amekuta kwamba uhusiano kati ya ubora wa huduma na ukubwa wa bakshishi upo, lakini ni dhaifu. Watu hutoa kwa sababu wamezoea kutoa mahali hapo, na kwa sababu wanajua wanatarajiwa kutoa. Mwaka 2023 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wamarekani, na miongoni mwa wanaokula kwenye migahawa ya kuhudumiwa mezani, asilimia 92 walisema hutoa kila mara au mara nyingi. Kwa wanaotengenezwa nywele ilikuwa asilimia 78, kwa abiria wa teksi 61, kwa wanunuzi wa kahawa 25. Hakuna mizani ya kazi inayoweza kueleza ngazi hizo. Inayoeleza ni historia.

Nabaki Marekani kidogo, kwa sababu huko ndiko desturi hii ilikoingizwa hadi ndani ya sheria ya mishahara. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kampuni ya mabehewa ya kulala ya George Pullman iliajiri wanaume Weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani, kuwahudumia abiria wa treni. Iliwalipa mshahara mdogo mno, na abiria ndio waliotakiwa kujazia. Mtu alitandika vitanda, akang'arisha viatu, akakesha usiku kucha, na riziki yake ikategemea kama abiria ameamka na moyo mwema. Ndiyo maana wahudumu hao walipounda chama chao mwaka 1925, wakiongozwa na A. Philip Randolph, mshahara wa uhakika ulikuwa mbele katika madai yao. Kampuni ilitia saini mkataba nao mwaka 1937, baada ya miaka kumi na miwili ya kuvutana.

Wapo Wamarekani walioliona tatizo hilo mapema. Jimbo la Washington lilipiga marufuku bakshishi mwaka 1909 na majimbo mengine kadhaa yakafuata, wapinzani wakisema desturi hiyo inamfanya raia mmoja amnyenyekee mwenzake ndipo apate chakula. Sheria hizo hazikudumu. Kufikia 1926 zote zilikuwa zimefutwa. Sheria ya kitaifa ya kima cha chini cha mshahara ilipokuja mwaka 1938, wahudumu wa hoteli na migahawa waliachwa nje. Waliingizwa mwaka 1966, lakini kwa sharti lililompendelea mwajiri: aliruhusiwa kuhesabu bakshishi ya mfanyakazi kama sehemu ya mshahara anaodaiwa kumlipa.

Matokeo yake yapo hadi leo. Kima cha chini cha kitaifa ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, lakini anayepokea bakshishi anaweza kulipwa na mwajiri wake dola 2.13 tu, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991. Bakshishi isipofikisha tofauti hiyo, mwajiri anatakiwa kuijazia. Majimbo kadhaa, California na Washington yakiwemo, yamekataa mpango huo na kumtaka mwajiri alipe kima kamili. Penginepo, mteja anayeacha noti mezani anamlipa mfanyakazi mshahara ambao mwenye mgahawa ameruhusiwa kutoulipa. Nasema hivi kwa uzito wote: mpango huo si wa haki, na ndio unaomfanya mhudumu wa mezani apewe kwanza, kabla ya kila mtu.

Msaada wa barabarani ulianza kwa njia nyingine. Ulizaliwa ndani ya vyama vya wenye magari, na wenye magari wa mwanzo walikuwa matajiri waliolipa ada ya uanachama. Nchini Uingereza chama kinachojulikana kama AA kilianzishwa mwaka 1905, na kazi ya kwanza ya walinzi wake, waliopita barabarani kwa baiskeli, ilikuwa kuwaonya wanachama kuhusu mitego ya polisi wa mwendo kasi. Mahakama ilipoamua kwamba kuwaonya hivyo ni kosa, chama kikageuza ishara: mlinzi aliyeona beji ya chama kwenye gari alipiga saluti, na asipopiga, mwanachama alijua asimame aulize kulikoni. Saluti hiyo iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tazama heshima ilivyokuwa ikisafiri. Mfanyakazi ndiye aliyempigia saluti mwanachama, kwa kuwa mwanachama alikwisha kulipa. Ujerumani nako, chama cha wenye magari cha ADAC kina doria yake ya barabarani tangu 1954, na mafundi wake huitwa malaika wa manjano kwa rangi ya magari yao. Wanaenziwa sana, ila na hao mwanachama hukutana nao akiwa amelipa ada tayari.

Mfumo huo haujabadilika sana. Unalipa ada ya chama, au huduma imefungwa ndani ya bima ya gari. Gari likiharibika unapiga simu, na aliyeipokea anaituma kazi kwa kampuni ndogo ya karibu, ambayo inalipwa kiasi kilichokwisha kupangwa. Dereva wa gari la kuvutia magari mabovu ndiye wa mwisho kwenye mnyororo huo. Mara nyingi hupati bili mkononi mwako. Hapana mstari wa kujaza kiasi cha ziada, hapana skrini ya kukuuliza, hapana wenzako wa mezani wanaokutazama. Akilini unajua kwamba huduma imelipiwa, na ni kweli imelipiwa, ila aliyelipwa ni kampuni. Sehemu inayomfikia aliyelala chini ya gari lako huijui.

Kuna na jambo la cheo. Bakshishi huteremka: humtoka anayejiona juu kwenda kwa anayemwona chini. Hatumpi rubani wala daktari, kwa sababu ujuzi wao unawaweka juu yetu wakati tunapowahitaji. Fundi wa barabarani yupo katikati. Mikono yake ina mafuta na anakuja ukimwita, lakini dakika ile anajua usichokijua na wewe ndiye mwenye shida. Wengi husita hapo, wakihofia kwamba kumpa pesa kidogo ni kumdharau. Nawaelewa, ila hofu hiyo haina msingi. Mtu huyu si daktari wa kulipwa ada kubwa, na katika kampuni nyingi hulipwa kwa kila kazi anayoimaliza. Kazi yako ikimchukua saa mbili kwa sababu gari limezama mtaroni, hizo ni saa mbili asizochukua kazi nyingine.

Na hatari yake ni ya kweli kabisa. Majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria zinazomtaka dereva kuhama njia au kupunguza mwendo anapoyakuta magari ya dharura yakiwa kazini pembeni mwa barabara, na ulinzi huo umewafikia pia wenye magari ya kuvuta. Sheria hizo hazikutungwa bure. Mjini Chattanooga, Tennessee, ambako Ernest Holmes aliunda gari la kwanza la kuvuta magari mwaka 1916, jumba la makumbusho ya kazi hiyo lina ukuta wenye majina ya waliouawa wakiifanya.

Desturi yenyewe, hata hivyo, haijalala kabisa. Mwaka 2025 Marekani ilipitisha sheria ya kupunguza kodi ya mapato yatokanayo na bakshishi, ikabidi serikali itaje kazi ambazo kwa kawaida huipokea. Katika orodha iliyotangazwa na Hazina, pamoja na wahudumu wa migahawa, walikuwemo mafundi wa kufuli na watoa msaada wa barabarani. Wapo wanaowapa, basi, na wapo kwa wingi wa kutosha hata serikali ikawaona.

Utoeje? Asilimia haisaidii hapa, maana bei ya kuvuta gari hupangwa kwa umbali na mara nyingi huioni. Pima kwa taabu. Aliyekufungulia mlango ulioufunga na ufunguo ndani, dakika tano na jua linawaka, si sawa na aliyekuvuta kutoka kwenye tope usiku mvua ikinyesha. Wamarekani wanaotoa hutaja kati ya dola 5 na 20 kulingana na kazi. Kwingineko kiasi kitafuata uwezo wako na hali ya maisha ya mahali. Toa pesa taslimu ukiweza, na ukimpa sema wazi kwamba ni yake yeye binafsi, kwa sababu asipojua anaweza kudhani ni malipo ya kampuni na kuyapeleka huko. Akikataa, mwombe mara moja tu, kisha mwache. Huenda mwajiri wake amekataza, nawe usimtie matatani. Kama huna kitu, ipigie kampuni simu, taja namba ya kazi na ueleze alichokifanya. Katika kampuni zinazowapima wafanyakazi kwa maoni ya wateja, sifa hiyo ina faida kwake.

Ila kuna mpaka, na nataka tuusimamie. Mgahawani mfanyakazi ndiye anayekutegemea. Barabarani usiku, wewe ndiye unayemtegemea, labda na watoto wamelala kiti cha nyuma. Kwa hiyo bakshishi ya barabarani hutolewa kazi ikiisha, kamwe si kabla, na hutoka kwa mteja bila kuombwa. Anayesimama na jeki mkononi akataka kitu kwanza ndipo aanze kazi iliyokwisha lipiwa, anakutoza kwa nguvu. Hapo mwombe risiti na uwapigie simu waliomtuma ukiwa naye palepale. Na wewe mteja usitoe mapema ili upelekewe gari kabla ya wenzako waliotangulia kupiga simu. Ukifanya hivyo unanunua zamu ya mtu mwingine aliyekwama gizani kama wewe.

Watumishi wa umma ni habari nyingine. Polisi, zimamoto na wahudumu wa gari la wagonjwa hawapewi pesa, hata kwa nia safi kabisa, kwa sababu mwenye kutoa leo humfanya asiye na kitu kesho asubiri. Kanuni za Marekani zimeweka hesabu kamili: mpeleka barua wa serikali haruhusiwi kupokea pesa taslimu, na zawadi isizidi thamani ya dola 20 kwa tukio, wala dola 50 kwa mwaka kutoka kwa mtu mmoja.

Ukisafiri, uliza desturi ya unakokwenda kabla ya kutoa. Japani bakshishi si desturi, na mhudumu anaweza kukufuata akurudishie akidhani umesahau pesa zako. Ufaransa gharama ya huduma imo ndani ya bei ya mgahawa, na sarafu chache za juu ni hiari. Hotelini, msafishaji wa chumba ni mwingine anayesahaulika kwa sababu hamwonani. Mwachie kila siku badala ya siku ya kuondoka, maana wa leo huenda si wa jana, na ambatanisha kijikaratasi asije akaogopa kuichukua.

Kwa wanaolipa kwa kadi au kwa simu, ulizeni jambo moja zaidi: pesa hii inamfikia nani? Nchini Uingereza, tangu Oktoba 2024, sheria inamtaka mwajiri kuwakabidhi wafanyakazi bakshishi yote bila kukata chochote isipokuwa kodi zinazotakiwa na sheria, na kuigawa kwa haki. Mahali ambapo hakuna ulinzi wa namna hiyo, muulize mfanyakazi mwenyewe kabla hujabonyeza. Akisema haimfikii, lipa bili peke yake kwa kadi, na yake umpe mkononi.