Bila povu nywele hazitakati?

Mwambie msusi wa Mtwara mjini akuoshe kwa kondishena tu, bila shampuu, uone atakavyokutazama. "Dada, bila povu uchafu utatokaje?"

Povu si kipimo cha usafi. Kinachong'oa uchafu ni kemikali zenye upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji. Kondishena nyingi zinazo, kama setrimoniamu kloraidi, ila ni za upole na hazitoi povu jingi. Jasho, vumbi na chumvi ya bahari ya Shangani vitatoka, mradi usugue ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, fungu kwa fungu, dakika kadhaa, kisha usuuze kwa maji mengi. Kupaka juujuu na kujimwagia kopo moja si kuosha, ni kujipaka.

Nywele kavu za kipilipili ndizo hufaidi zaidi. Lakini kama umejipaka mafuta mazito ya mgando, shampuu bado inahitajika. Kagua chupa ya kondishena pia: ukiona dimethicone, hiyo ni silikoni isiyoyeyuka kwenye maji, nayo hujirundika kwenye nywele. Mwenye mba atumie shampuu ya dawa.