Maeneo 30 ya Osun si wilaya 30

Kila makala ya Kiswahili inayoeleza jimbo fulani la Wayoruba, watu wa kusini magharibi mwa Nigeria, huja na orodha ileile: wilaya ya Ejigbo, uchumi wake kilimo, wilaya ya Irewole, uchumi wake kakao na ndizi, wilaya ya Ife ya Kati, uchumi wake elimu na utalii. Juzi nimeikuta tena, safari hii mikononi mwa mtu aliyekuwa akilinganisha jimbo la Osun na mikoa ya Tanzania, na hoja yake ambayo ingeweza kuwa nzuri ikaharibikia hapo.

Maeneo hayo si wilaya bali ni maeneo ya serikali za mitaa, na maelezo yake si marefu. Nigeria ni shirikisho la ngazi tatu: serikali kuu ya Abuja, majimbo 36, na chini yake maeneo 768 ya serikali za mitaa. Ukiongeza halmashauri sita za eneo la mji mkuu unapata 774. Majina ya yote yameandikwa ndani ya katiba ya mwaka 1999. Osun, iliyokatwa kutoka jimbo la Oyo mwaka 1991, ina 30. Kila eneo lina mwenyekiti na madiwani, ambao katiba inataka wachaguliwe kwa kura. Kazi zao ni masoko, stendi, machinjio, makaburi, taka, kusajili vizazi na vifo, hata leseni za mikokoteni na mitumbwi.

Kwa Mtanzania, wilaya ina mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na Rais, na Rais huyo ana mamlaka ya kuanzisha wilaya mpya. Nigeria hakuna mtu huyo wala kalamu hiyo. Lagos ilijaribu. Mwaka 2003 jimbo hilo lilianzisha maeneo mapya 37 juu ya 20 yaliyomo kwenye katiba, na serikali kuu ikazuia mgawo wa fedha. Desemba 2004 Mahakama ya Juu ikasema Rais hana mamlaka ya kuzuia fedha hizo, lakini pia ikasema maeneo mapya hayajakamilika mpaka Bunge la shirikisho litimize sehemu yake. Halijaitimiza. Kwa hiyo yale 37 yapo, yana ofisi na wenyeviti, ila kwenye hesabu ya Abuja Lagos bado ina 20.

Na hesabu ya Abuja ndiyo kiini. Fedha zinazoingia kwenye mfuko wa shirikisho, zikiwemo za mafuta ya Delta ya Niger, hugawanywa hivi: serikali kuu asilimia 52.68, majimbo 26.72, serikali za mitaa 20.60. Fungu hilo la tatu linapogawanywa kati ya maeneo, asilimia 40 yake huenda sawa kwa sawa, eneo kubwa na dogo likipata kile kile. Idadi ya watu huhesabiwa kwa asilimia 30 tu. Ni kama wali kwenye shughuli unaopakuliwa kwa kuhesabu sahani: ukitaka nyumba yako ipate zaidi, leta sahani zaidi. Ndiyo maana watu wa Lagos hawaachi kuuliza kwa nini Kano ina maeneo 44 na wao 20. Osun nayo, ambayo haikaribii Lagos kwa watu, ina 30. Tofauti hiyo haikutokana na kakao, ukubwa wa masoko wala wingi wa mashamba. Mwaka 1976, mfumo huu uliposawazishwa nchi nzima, maeneo yalikuwa 301. Serikali za kijeshi zikaendelea kuyakata hadi 774 ilipofika 1996.

Angalia majina yenyewe. Odo-Otin ni jina la mto. Ejigbo, Iwo na Ila ni miji halisi. Lakini Irepodun? Ni neno la Kiyoruba lenye maana ya kwamba kupatana ni kutamu. Ifelodun ni kwamba upendo ndio mtamu. Isokan ni umoja. Ifedayo, upendo umegeuka furaha. Hakuna mji wa kale unaoitwa Irepodun. Jina hilo lilitungwa kwa sababu miji iliyowekwa pamoja isingekubali eneo libebe jina la mmoja wao. Irepodun ya Osun ina Ilobu, yaliko makao makuu, na Erin-Osun, miji jirani yenye ugomvi wa muda mrefu wa mipaka ya ardhi; kupatana kuliandikwa kwenye kibao cha ofisi kabla hakujapatikana shambani. Jina hilohilo utalikuta pia jimbo la Kwara, na jimbo la Ekiti kuna eneo linaloitwa Irepodun/Ifelodun, yote mawili kwa pamoja. Mwandishi anayesema “watu wa Irepodun ni wakulima” hajasema chochote, kwa sababu hakuna mtu anayejitambulisha kuwa Mwirepodun. Atakwambia ametoka Ilobu.

Wayoruba huiita ngazi hii *ijoba ibile*, na *ibile* ni kile chenye asili ya ardhi ile: utawala wa wazawa. Neno hili lina uzito wake, maana serikali ya mtaa ndiyo inayotoa cheti cha uzawa, karatasi inayoulizwa mtu anapotafuta kazi ya serikali au nafasi ya masomo. Sasa fikiria Modakeke. Ni mji ulioshikana na Ile-Ife, ulioanzishwa karne ya 19 na wakimbizi kutoka dola la kale la Oyo waliokimbia vita. Vizazi vyao vimelima kakao kwenye ardhi ambayo Waife huihesabu kuwa yao, wakidaiwa *isakole*, kodi ya ardhi anayolipwa mwenye ardhi. Mwaka 1996 lilipotangazwa eneo jipya la Ife Mashariki, swali likawa moja: makao makuu yatakaa wapi? Yalisemwa yatakuwa Modakeke, kisha yakahamishwa. Mwaka 1997 watu wakaanza kuuana, na mapigano yakarudi mpaka 2000. Watu wengi walikufa na mitaa mizima ikachomwa. Anayeliita jambo hili “kuanzishwa kwa wilaya” analipunguzia uzito wake. Kilichogombaniwa ni haki ya kuitwa mzawa, pamoja na fungu la fedha na ajira zinazoambatana na ofisi.

Tukija kwenye uchumi, orodha zile zinakwama kabisa. Ejigbo kwenye ramani ni mji wa mihogo, viazi vikuu na mahindi. Lakini kwa vizazi kadhaa watu wake wamekwenda kufanya biashara Côte d'Ivoire, hasa Abidjan, kiasi kwamba Kifaransa husikika mitaani Ejigbo na mabasi hutoka pale kwenda huko yakipita Benin, Togo na Ghana. Nyumba nyingi nzuri za mji huo zimejengwa kwa faida iliyochumwa nchi ya nne kuelekea magharibi. Utaandikaje hilo chini ya kichwa “uchumi wa wilaya”?

Ikire na Apomu ni majirani. Ikire ni makao makuu ya Irewole, Apomu ya Isokan. Ndizi zilizoiva sana hupondwa na pilipili na kukaangwa kwa mawese, zikauzwa kwa wasafiri wa barabara ya Ibadan na Ife kwa jina la dodo Ikire. Muuzaji na abiria hawajui mpaka ulipo. Soko la Apomu lenyewe lilikuwa maarufu kabla hajazaliwa mtu yeyote wa kubuni Isokan. Ugomvi uliozuka sokoni pale ulichangia vita vya Owu, mji wa kale wa Wayoruba, katika miaka ya 1820.

Kakao hufuata mvua na udongo, kwa hiyo mkanda wake unakata Ife na Ilesa hadi kuvuka kuingia jimbo la Ondo, na wakulima wa kaskazini mwa Osun, kwenye ukavu zaidi, wamekuwa na mashamba yao ya kakao mbali na kwao. Dhahabu ya karibu na Ilesa nayo si mali ya serikali ya mtaa. Madini yako chini ya serikali kuu, na leseni ya mgodi wa Segilola, ulioanza kuzalisha mwaka 2021, ilitoka Abuja, haikutoka kwa mwenyekiti wa halmashauri.

Kuna uchumi mmoja tu ambao kweli ni wa eneo la serikali ya mtaa, nao ni mshahara. Walimu wa shule za msingi, wahudumu wa zahanati na makarani wa halmashauri hulipwa kutokana na ule mgawo, ambao kwa miaka mingi umepitia akaunti ya pamoja inayoshikwa na jimbo. Bei ya mafuta ilipoanguka na Osun ikaanza mwaka 2015 kuwalipa baadhi ya watumishi nusu mshahara, muuza nguo wa Ila aliumia bila kisima cha mafuta kuwepo karibu naye. Julai 2024 Mahakama ya Juu iliamua fedha za serikali za mitaa ziende kwao moja kwa moja. Mwaka uliofuata mgawo wa Osun ulizuiwa, pande mbili zikigombania nani wenyeviti halali.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, naomba sentensi moja tu irekebishwe. Badala ya “wilaya ya Ejigbo inategemea kilimo”, andika: Ejigbo ni mji wa wakulima na wafanyabiashara wa Abidjan, na serikali ya mtaa iliyopewa jina lake hutegemea mgawo wa Abuja.