Kununua na kuwasha msumeno wa moto mkubwa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kojani aliniletea msumeno wa moto wa cc 72 (huo ni ukubwa wa injini), kaununua mtumba. Kauvuta kamba mpaka kiganja kimemchubuka. "Ami, mashine imekufa hii," akaniambia. Nikafungua plagi, nikaiona imerowa petroli inachuruzika. Mashine ilikuwa nzima. Aliivuta mara nyingi na choki, kile kizibo cha hewa cha kuwashia injini baridi, imefungwa, silinda ikajaa petroli. Nikavuta kamba mara sita plagi ikiwa nje, nikaifuta na kuianika juani, nikairudisha, choki nikaiacha wazi. Mvuto wa tatu ikanguruma.

Hapa Pemba wengi wanaanza na msumeno mdogo wa cc 30, kisha wanaruka kwenye mkubwa bila kuambiwa kuwa huu una tabia zake.

Kabla ya kununua, jiulize kazi yako ya kila siku ni ipi. Kama ni kupunguza matawi ya mikarafuu na kukata kuni, cc 30 hadi 40 zinatosha na mkono hautachoka. Kuangusha mwembe au mfenesi wa makamo, tafuta cc 50 hadi 60 na bamba, kile chuma kirefu kinachobeba cheni, la inchi 18. Msumeno wa cc 70 na kuendelea ni wa kuangusha miti minene na kupasua mbao, maana katika kupasua injini inabeba mzigo muda mrefu bila kupumzika, na ndogo itaungua. Stihl MS 381 ina cc 72.2, MS 660 ina cc 91.6. Kila anayekuja kwangu anataka hiyo ya pili. Mimi namwambia achukue ya kwanza. Bila bamba na cheni ina kilo 6.6, nyingine 7.3. Tofauti hiyo asubuhi huisikii, lakini saa kumi jioni, kwenye mteremko wa udongo uliorowa masika, mikono imeshalegea, na hapo ndipo watu wanapoumia. Tena usitie bamba refu kwenye injini ndogo ukidhani umepata msumeno mkubwa. Cheni itakwama ndani ya gogo.

Mnazi una mambo yake. Ugumu wake uko nje, karibu na ganda, na katikati ni laini. Mnazi mzee unamaliza makali ya cheni upesi kuliko mwembe. Tazama kinachotoka: meno makali yanatoa vipande vipande, butu yanatoa unga. Ukiona unga, simama utie tupa, usikandamize. Cheni ya msumeno mkubwa yenye kipimo cha inchi 3/8 (kimeandikwa kwenye boksi lake) inataka tupa ya mviringo ya milimita 5.2 au 5.5, kufuatana na mtengenezaji wake.

Sasa mafuta, maana hapa ndipo ninapopokea maiti za injini. Sisi ni watu wa pwani, oili ya tu-stroki, ile inayochanganywa na petroli, iliyo karibu ni ile ya mashine za boti. Msiitie kwenye msumeno, nawaomba. Mashine ya boti inapozwa na maji. Msumeno unapozwa na upepo tu, na unazunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika. Oili ile haistahamili joto hilo, pistoni inakwaruzika na ndiyo mwisho wake. Nunua oili ya tu-stroki ya injini zinazopozwa kwa hewa. Ikiwa maelekezo yake ni 1:50, lita 5 za petroli zinataka mililita 100. Pima, usikisie, na changanya ya kutumia siku chache tu.

Kuwasha. Weka msumeno chini mahali patupu, cheni isiguse kitu. Sukuma breki ya cheni mbele. Mguu wa kulia ukanyage ndani ya mpini wa nyuma, mkono wa kushoto ushike mpini wa mbele na kukandamiza. Msumeno mkubwa una kitufe cha kupunguza kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Kibonyeze, la sivyo kamba itakunyang'anya vidole. Mimi ilinipata nikiwa mwanafunzi wa fundi, nikakaa wiki mbili sishiki spana. Kama injini ni baridi, funga choki. Vuta kamba polepole mpaka usikie imekaza, kisha vuta kwa nguvu, usiimalize yote, na uirudishe kwa mkono. Injini itakohoa mara moja. Kikohozi hicho ndicho alichokikosa yule kijana: ukikisikia, toa choki papo hapo, bonyeza kitufe tena kwani kimeshajifunga, vuta. Ikishika, gusa kidogo triga ya mafuta ishuke mzunguko, maana kuikimbiza na breki imefungwa kunaunguza klachi.

Wako wanaouning'iniza msumeno hewani, mkono mmoja unautupa chini na mwingine unavuta kamba. Kwa msumeno wa kilo saba na cheni kali, paja liko karibu mno.

Msumeno ukishatulia, achia breki, elekeza ncha ya bamba kwenye kisiki cheupe bila kukigusa na uukimbize kidogo. Usubiri mstari mwembamba wa oili ya kulainisha cheni ujichore juu ya kisiki. Usipotokea, zima, kazibue tundu la oili kwanza.